Kikokotoo kinaposema sin 30 ni -0.99

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), kwetu ni Tukuyu. Kaka yangu aliyemaliza chuo amenipa kalkuleta yake, Casio fx-991MS. Tatizo ni kwamba nikiandika sin 30 inaleta -0.99. Nikigawa 1 kwa 400 inaleta 0.00, ya rafiki yangu inaleta 2.5 na kumi kwa -03, na mwalimu ubaoni kaandika 0.0025. Darasani wananiambia imekufa. Wengine wanasema ni ukungu wa huku kwetu, sola yake haipati jua. Mjomba yuko tayari kuninunulia mpya sokoni Mwanjelwa, ila hela aliyonayo ni ya mbolea. Nifanyeje? Na ikitengemaa, nitajuaje kwamba haitaniangusha kwenye mtihani?"

Marahaba, mwanangu. Mwambie mjomba anunue mbolea. Kwa hayo uliyoeleza, kikokotoo chako ni kizima, na hiyo -0.99 ni jibu sahihi, isipokuwa ni jibu la swali ambalo wewe hukulikusudia. Kaka yako alikiacha kimepangwa kusoma pembe kwa radiani na kuonyesha nafasi mbili tu za desimali. Kukirudisha ni kazi ya dakika moja, na vitufe vya kubonyeza nitakutajia. Ila usivikimbilie kabla hujaelewa kinachoendelea ndani, kwa sababu katika PCM utalazimika kubadilisha mpangilio huo mara nyingi, na siku nyingine radiani za kaka yako ndizo utakazozihitaji.

Tuanze na la ukungu, maana nalisikia sana huku nyanda za juu. Kikokotoo cha aina yako kina sola na pia kina betri ndogo ya kifungo ndani, LR44. Mwanga ukipungua, betri inashika kazi. Umeme ukiwa hautoshi kabisa, tarakimu hufifia au kioo huzima. Umeme mdogo haugeuzi pembe wala haupunguzi desimali kwa mpangilio ule ule kila siku. Na ndugu zako wa Makete na Njombe hulaumu baridi ya Juni na Julai. Baridi kweli hukifanya kioo kiwe kizito, tarakimu zikachelewa kubadilika, lakini namba inayokuja mwishoni ni ile ile. Kiweke mfukoni kipate joto la mwili, kitachangamka.

Ukijiona umechelewa kuyajua haya, usijilaumu. Kwa miaka mingi mtihani wa Basic Mathematics wa kidato cha nne umefanyika bila kikokotoo. Mmesoma saini na kosaini kwenye kitabu cha majedwali, na jedwali halina kitufe cha MODE cha kubadilisha mpangilio: limeandikwa kwa nyuzi na dakika, basi. Unaingia kidato cha tano, unakabidhiwa kifaa chenye namna tatu za kusoma pembe, na mara nyingi hakuna aliyekaa nawe akakwambia kwamba ziko tatu.

Sasa kiwashe, utazame sehemu ya juu ya kioo, juu ya namba. Kuna herufi ndogo sana ambazo watu wengi hawazisomi. Bila shaka utaona R, na utaona FIX. Hiyo R ni radiani. Kikiwa kwenye nyuzi huandika D, na kikiwa kwenye gradi huandika G. S ikitokea maana yake umebonyeza SHIFT na kinasubiri kitufe kingine. A ni ALPHA.

Kikokotoo hakijui ulichonacho kichwani. Ukiandika 30, kinaona thelathini tupu, kisha kinaangalia ile herufi kijue ni thelathini za nini. Ukienda kwa mkulima wa viazi Uporoto ukamwambia "nipe kumi" bila kusema debe au gunia, utapewa kile anachouza siku hiyo, wala hujaibiwa. Wewe uliuliza saini ya nyuzi 30, ambayo ni 0.5. Kikokotoo kikasikia saini ya radiani 30.

Radiani ni nini? Chora duara. Chukua uzi wenye urefu sawa na nusu kipenyo, uulaze juu ya mzingo wa duara. Pembe inayofunguka katikati, kutoka ncha moja ya uzi hadi nyingine, ndiyo radiani moja. Ni nyuzi 57.3 hivi. Duara zima lina radiani 2π, yaani 6.283, na nusu duara, nyuzi 180, ni radiani π. Kwa hiyo radiani 30 ni pembe kubwa mno: ukizidisha 30 kwa 57.29578 unapata nyuzi 1718.87. Huko ni kuzunguka duara mara nne kamili (nyuzi 1440) na kubaki na nyuzi 278.87. Unakumbuka saini ya nyuzi 270 ni -1? Umeipita kidogo tu. Ndiyo maana saini yake ni -0.988, na kwa nafasi mbili za desimali ukaona -0.99. Ifanye hesabu hiyo mwenyewe kwenye karatasi, maana ukishaiona kwa macho yako hutarudi kusema kikokotoo kimekufa.

Gradi nitaieleza kwa kifupi, lakini usiidharau. Ilitokana na juhudi za Wafaransa, wakati wa mapinduzi yao, za kuweka vipimo vyote kwenye makumi: pembe mraba ikapewa gradi 100 na duara zima 400. Wapima ardhi wa baadhi ya nchi za Ulaya waliendelea kuitumia. Kwenye mtihani wako sitegemei uikute. Hatari yake ni kuingia humo kwa bahati mbaya, na nitakuonyesha kwa nini naiogopa kuliko radiani.

Tuseme uko Sao Hill, pale Mufindi, na unataka urefu wa msonobari. Umesimama mita 20 kutoka kwenye shina, ukapima pembe ya kutazama kilele, ukapata nyuzi 40. Urefu kutoka usawa wa jicho lako ni 20 × tan 40. Kwenye D unapata mita 16.78. Kwenye R unapata -22.34. Hapo kosa linajitangaza lenyewe, maana hakuna mti wenye urefu hasi, hivyo utashtuka na kurudia. Lakini kwenye G unapata mita 14.53. Soma tena: 14.53. Msonobari wa mita 14 upo, wala huoni sababu ya kushtuka. Utaandika jibu, utalipigia mstari, utaendelea na swali linalofuata, na alama zitakuwa zimeondoka. Kosa la kuogopa ni hili linalofanana na ukweli.

Radiani nazo zina mtego wa aina hiyo, tena kwenye fizikia. Mtetemo sahili huandikwa x = A sin ωt, na ω hupimwa kwa radiani kwa sekunde. Ukiwa na A ya sm 5, ω ya 2 na t ya sekunde 0.4, basi ωt ni 0.8, na hiyo 0.8 ni radiani hata kama swali halijatamka. Kwenye R unapata sm 3.59. Kwenye D unapata sm 0.07. Yote mawili ni chanya, na yote mawili yapo ndani ya sm 5. Anayejua mpangilio wake ndiye atakayetofautisha.

Utajuaje basi utumie ipi? Ukiona alama ya nyuzi kwenye swali, ile duara ndogo juu ya namba, tumia D. Pembetatu, vekta za nguvu, kitu kilichorushwa hewani, mwanga unaopinda kwenye kioo: karibu yote hayo hutolewa kwa nyuzi. Ukiona π ndani ya pembe, au ωt, au pembe isiyo na alama yoyote, tumia R. Na ukigusa kalkulasi (hesabu za mteremko na eneo) yenye saini, kosaini au tanjenti, ni R bila mjadala.

Hilo la mwisho usilichukue kama amri tu. Weka kikokotoo kwenye R, utafute sin 0.1, ugawe kwa 0.1. Utapata 0.998. Rudia kwa 0.01, utakaribia 1 zaidi. Sasa hamia kwenye D ufanye vile vile: utapata 0.01745, na hata upunguze namba kiasi gani itabaki hapo hapo. Hiyo 0.01745 ni π ikigawanywa kwa 180. Kanuni kwamba mteremko wa sin x ni cos x imejengwa juu ya ile 1. Ukitumia nyuzi, kila unapotafuta mteremko unaburuta 0.01745 nyuma yako. Kikokotoo chako kina kitufe cha ∫. Ukikitafutia eneo chini ya sin x kutoka 0 hadi π/2, kwenye R kitakupa 1, ambalo ndilo jibu. Kwenye D kitakupa takribani 0.0215 bila kukuonya.

Tuje kwenye 0.00, ambayo naona imekuumiza zaidi. Hapa hakuna hata kikokotoo kimoja kilichokosea, si chako wala cha rafiki yako, na mwalimu wako pia yuko sahihi. FIX ni amri ya kuonyesha. Kaka yako aliagiza Fix 2, yaani nafasi mbili za desimali, na 0.0025 ikikadiriwa kwa nafasi mbili ni 0.00. Cha rafiki yako kiko kwenye Norm 1, ambayo namba yoyote iliyo chini ya 0.01 huigeuza kuwa ya kipeo cha kumi, kwa hiyo kikaandika 2.5 × 10 kwa kipeo cha -3. Ukiweka Norm 2, kipeo hakitokei mpaka namba ishuke chini ya 0.000000001, na utaona 0.0025 kama ilivyo ubaoni. Kwa upande wa namba kubwa, Norm zote mbili huhamia kwenye kipeo kuanzia 10 kwa kipeo cha 10, yaani bilioni kumi.

Watu wengi hudhani FIX hukata namba. Haikati. Jaribu ukiwa bado kwenye Fix 2: 10 ÷ 3 = itaonyesha 3.33. Usifute; endelea na × 3 =. Utaona 10.00, si 9.99, kwa sababu ndani kinabeba tarakimu nyingi kuliko zile kinazokuonyesha. Ila wewe ukiinakili 3.33 kwenye karatasi, kisha ukaichapa upya mara 3, utapata 9.99, na hapo aliyekata ni wewe. Ndiyo maana nasisitiza: usikadirie katikati ya hesabu. Hifadhi jibu ndani ya kikokotoo kwa kitufe cha Ans au kumbukumbu, ukadirie mara moja mwishoni. Kuna kitufe kinachokata kweli, nacho ni Rnd, kinachopatikana kwa SHIFT na 0. Ukikitumia baada ya 3.33, mara 3 itakuwa 9.99.

SCI nayo ni ya kuonyesha tu. Ukichagua Sci 3, kila jibu litakuja kwa tarakimu tatu za maana na kipeo cha kumi. Kwenye fizikia na kemia naipenda, maana hukulazimisha kufikiria ukubwa wa namba. Kwenye hisabati huchosha macho. Na kwa kuwa tumetaja vipeo: namba kama 6.4 × 10 kwa kipeo cha 6 huchapwa 6.4, kitufe cha EXP, 6. Ukichapa 6.4 × 10 EXP 6 umezidisha kumi mara moja zaidi. Kosa hilo naliona kwenye madaftari kila muhula.

Sasa vitufe. Kwenye fx-991MS bonyeza SHIFT, kisha MODE (juu yake pameandikwa CLR), kisha 2, kisha =. Hapo mipangilio yote inarudi kama ilivyotoka kiwandani: hesabu za kawaida, nyuzi, na Norm 1. Tazama juu: R iwe imekuwa D, na FIX iwe imeondoka. Ukigawa 1 kwa 400 sasa utapata 2.5 na kipeo cha -03, kama cha rafiki yako. Kupata 0.0025, bonyeza MODE mara tano mpaka uone Fix, Sci, Norm. Chagua 3, kisha 2. Ukitaka radiani, bonyeza MODE mara nne mpaka uone Deg, Rad, Gra. 1 ni nyuzi, 2 ni radiani. Ukiteleza hapo kwa kidole ukagusa 3, uko kwenye gradi, kwa hiyo angalia herufi kila unapotoka kwenye menyu hiyo.

Mwenye fx-82MS anabonyeza MODE mara mbili kufika kwenye pembe, na mara tatu kufika kwenye Fix. Wenye Casio za aina ya ES PLUS hawana mzunguko huo: wanabonyeza SHIFT na MODE, orodha inatokea, 3 ni Deg, 4 ni Rad, 6 ni Fix, 8 ni Norm. Kurudisha ya kiwandani kwao ni SHIFT, 9, 1, =, kisha AC.

Kama swali linachanganya nyuzi na radiani, si lazima uhangaike na menyu. Andika sin 30, kisha SHIFT na Ans (juu yake pameandikwa DRG), chagua D, kisha =. Utapata 0.5 hata kikokotoo kikiwa kwenye radiani, kwa sababu umetaja kipimo cha namba hiyo moja.

Modi nyingine nitazipitia haraka. COMP ndiyo ya kazi za kila siku. Ukijikuta kwenye SD, ya takwimu, kitufe cha M+ kitakuwa kinaingiza data na kioo kitaandika n= badala ya kuhifadhi namba. Ukijikuta kwenye BASE, ya mifumo mingine ya namba, desimali zinapotea: 7 ÷ 2 inakuwa 3. EQN itakufaa kuhakiki milinganyo, si kuitatua badala yako, maana msahihishaji anatafuta njia uliyopita. Ukipotea popote, MODE kisha 1 itakurudisha kwenye COMP, ila haitagusa pembe wala FIX.

Umeuliza utajuaje hakitakuangusha kwenye mtihani. Kabla hujaanza swali la kwanza, tafuta sin 30. Ikiwa 0.5, uko kwenye nyuzi. -0.988 ni radiani, na 0.454 ni gradi. Kila unapohamia kwenye swali la radiani na kurudi, rudia. Wako wanaorudisha mipangilio ya kiwandani kila mara, na siwalaumu, ila wanaofanya hivyo hujisahau kwenye kalkulasi wakabaki na nyuzi. Mimi nakushauri ufanye mazoezi ya nyumbani kwa kikokotoo hicho hicho utakachoingia nacho, na kabla ya kubonyeza = ukadirie kichwani jibu litakuwa wapi. Na soma maelekezo ya mbele ya karatasi ya mtihani: yanakwambia kama kikokotoo kinaruhusiwa na ni cha aina gani. Kisichoruhusiwa ni kile cha kuandikiwa programu. Chako si cha aina hiyo.

Kuna hali ambazo maelezo yangu hayatatosha. Ukirudisha mipangilio na sin 30 ikakataa kuwa 0.5 huku D ikionekana, mpelekee mwalimu wako wa hisabati akione kwa macho. Kioo kikififia gizani na kung'aa juani, betri imechoka. Fundi saa ataibadilisha. Betri ya zamani usiiache mezani wenye watoto wadogo, kwani ikimezwa huunguza ndani, na mtoto aliyeimeza anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Tarakimu zikikosa vipande, 8 ikaonekana kama 6 au 9, au kitufe kikawa kinahitaji kubonyezwa mara mbili, basi usikiingize kwenye chumba cha mtihani. Hapo ndipo mjomba atoe hela, baada ya mavuno.

Siku hiyo mkifika Mwanjelwa, msinunue kwa kuangalia boksi. Kiwashe, hakikisha kiko kwenye D, tafuta sin 30. Kisha andika kwa mfululizo sin⁻¹ ya cos⁻¹ ya tan⁻¹ ya tan ya cos ya sin ya 9, ukifunga mabano vizuri. Kwa kuwa kila hatua inafutwa na mwenzake, jibu liwe 9, au liikaribie sana, kama 8.99999 na kuendelea. Likiwa mbali na hapo, kikokotoo hicho kinakadiria vibaya ndani. Muuzaji akikataa usikijaribu, nendeni duka la jirani.